Kamba ya Kupimia Punda

Kila aliyetaka mkokoteni wa Ndambiri alijua neno la kwanza atakaloambiwa: lete punda kwanza. Hata ungefika na pesa mkononi, hata ungekuwa chifu au mchungaji wa kanisa, Ndambiri hangegusa msumeno kabla ya kumwona mnyama mwenyewe. Angemsimamisha kwenye kivuli cha karakana, amsemeshe kidogo, kisha atoe mfukoni kamba yake ya mkonge na kumpima kifua, kimo cha bega, na urefu wa mgongo. Kila kipimo alikifungia fundo. Mkokoteni ukishaisha, aliyafungua mafundo, tayari kwa mnyama mwingine. Watu wa soko lile dogo juu ya bwawa la Kiambere walimcheka, wakamwita fundi cherehani wa punda. Lakini waliokwenda kununua mikokoteni ya mjini, punda wao wakatoka vidonda shingoni, walirudi kwake kimya kimya.

Sasa punda walikuwa wameisha. Tangu mvua ikatike, wezi walikuwa wakija na magari, wanawachinja punda porini, wanabeba nyama na ngozi, wanaacha vichwa na kwato. Nyama ilikwenda kuliwa mbali, na watu wasiojua wanachokula. Punda wa Ndambiri mwenyewe, Kanyoni, aliyekuwa akivuta maji ya kuuza, alipatikana na binti yake Winfred chini ya mgunga akiwa njiani kwenda shule. Kilichobaki kilikuwa kichwa na kipande cha shingo, kengele bado imefungwa hapo. Mkokoteni wa Kanyoni uliegemezwa ukutani pamoja na mingine iliyorudishwa na wenyewe, mikono yake juu. Mikono ndilo jina ambalo Ndambiri aliipa miti miwili mirefu ya mbele, ambayo punda husimama katikati yake. Ukipita mbele ya karakana ungedhani ni watu waliokamatwa na polisi.

Siku ile gari aina ya pikapu lilisimama mbele ya mikokoteni hiyo, akashuka mwanamume mnene aliyevaa kofia ya kitambaa.

"Fundi ni wewe? Mimi ni Kailemia. Nalima ndizi kule Mitunguu. Nimetoka huko asubuhi bila chai, kwa hivyo sitaki maneno mingi. Nataka mikokoteni sita."

Ndambiri alisimama akapangusa mikono. Sita! Mwaka mzima hakuwa ametengeneza sita. "Karibu, bwana. Lete punda kwanza," alisema, kwa mazoea tu.

Kailemia akacheka. "Punda gani, mzee? Zangu zote zimeibwa kama zenu. Na huko ndani ya shamba, katikati ya mifereji, pikipiki haipiti. Hii itavutwa na watu." Akageukia gari. "Makandi! Kuja hapa."

Nyuma ya pikapu akashuka msichana mwenye gambuti na kitambaa kichwani. Alisimama karibu na Kailemia bila kuulizwa lolote.

"Si nasikia wewe lazima upime? Pima huyu. Wenzake ni saizi yake tu."

Mkono wa Ndambiri ulikuwa tayari mfukoni, umeshika kamba. Aliutoa mtupu.

"Mimi sipimi watu."

"Basi usipime. Tengeneza tu."

"Sitengenezi mkokoteni wa kuvutwa na mtu."

"Eh! Kwani hujafika soko za mjini? Huko nani anavuta?"

"Huko kuna mafundi wa huko."

Makandi alimtazama Ndambiri kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Mzee," alisema, "saa hii tunabeba ndizi kwa mgongo, mkungu kwa mkungu. Wewe ukikataa, unafikiri sisi tutaenda kupumzika?"

Ndambiri alikuwa akimtazama usoni. Alikuwa ameona, pale kitambaa cha msichana kilipopanda juu kidogo, mstari uliopita kwenye paji lake la uso. Aliujua mstari ule. Ulikuwa wa mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao wanawake hupitisha kwenye paji la uso ili mzigo uning'inie mgongoni. Mama yake, Ruguru, alikuwa na mstari kama huo, ila wake ulikuwa bonde kabisa. Ungeweza kulaza kidole ndani yake. Ndambiri alipokuwa mtoto alidhani akina mama wote huzaliwa nao. Alipokuwa mkubwa akajifunza kutengeneza mikokoteni, na jambo moja alilojivunia maishani, alilolisema harusini na kwenye mikutano ya shule, ni kwamba wasichana waliozaliwa baada ya karakana yake kufunguliwa wana nyuso laini. Binti yake aliitwa Ruguru, jina la bibi yake, kama desturi inavyotaka; Winfred lilikuwa la ubatizo. Na bibi alipenda kumpapasa paji la uso na kusema, "Nimezaliwa tena, mara hii bila bonde."

"Samahani," Ndambiri alimwambia Makandi. "Sitaweza."

Kailemia alikuwa ameshatoa noti. Alizirudisha kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo taratibu, kama mtu anayemfungia duka mtoto. Mlangoni mwa karakana, na chupa ya uji mkononi, alisimama Celina, mke wa Ndambiri. Alikuwa amefika muda mrefu kiasi cha kuona kifungo kikifungwa.

*

Jioni walikula ugali na ndengu. Ndengu zilikuwa chache, zikawa nyingi kwenye sahani ya bibi na ya Winfred.

"Baba Winfred," Celina alianza, "yule mtu wa Mitunguu alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Alikutukana?"

"Alitaka niwafunge watu kama wanyama."

"Na sisi hapa tumefungwa na nini?"

Bibi Ruguru alitafuna polepole upande wa meno yaliyobaki. "Mimi sisikii vizuri," alisema. "Ongezeni sauti, ama mnyamaze kabisa."

Winfred akacheka, akanyamaza alipoona hakuna mwingine anayecheka.

"Sikiza," Celina alisema. Hakuwa na hasira sasa, na hilo lilimtia Ndambiri wasiwasi zaidi. "Watu bado wanakunywa maji. Bwawa liko pale, mkokoteni uko pale, mitungi iko pale. Kilichoibwa ni punda tu. Kesho nitavuta mimi."

"Ule ni wa Kanyoni. Nilimpimia yeye."

"Basi nipunguzie. Kata mikono, weka mti wa kushika mbele. Si wewe mwenyewe husema ni kazi ndogo?"

"Siwezi kukupunguzia wewe kipimo cha punda."

"Huwezi, ama hutaki?"

Ndambiri aliendelea kukandakanda tonge ambalo halikwenda mdomoni. Moyoni aliamini kwamba anamlinda. Mkokoteni ukibaki mpana na mrefu vile, alifikiri, hakuna binadamu atakayethubutu kuingia katikati ya mikono yake. Na siku moja serikali itawashika wezi, punda watarudi, na mikokoteni itakuwa tayari inawangoja.

"Vava," Winfred alimwambia baba yake, "mimi nitamsukumia mama nyuma. Shule imefungwa."

"Maliza kula," alisema Ndambiri.

*

Asubuhi Ndambiri aliwasikia. Alikuwa angali mezani na kikombe, na sauti ya magurudumu aliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha mwenzake. Gurudumu la kushoto lilikuwa na mlio mdogo ambao Kanyoni aliuzoea. Sauti ilizunguka nyumba, ikapita langoni, ikateremka kuelekea bwawani. Hakutoka kutazama.

Kama angetoka, angeona Celina amejifunga leso kiunoni na kusimama katikati ya mikono ile, akiwa mdogo kama mtoto aliyevaa koti la baba. Viganja vyake havikufika pande zote mbili vizuri, kwa hiyo alikuwa amechukua mkanda wa kifua wa Kanyoni, akaukunja mara mbili, akaupitisha kifuani pake mwenyewe. Ulikuwa bado unanuka punda.

Ndambiri hakufikiri hata mara moja kwamba angeweza kuvuta yeye. Tusimwone mbaya kwa hilo. Mwanamume na punda wake huuza maji, na hakuna anayeshangaa. Punda akiondoka, mwanamume hubaki mwanamume na maji hurudi kwa wanawake. Hivyo ndivyo watu walivyoishi, na hakuna aliyewahi kumwuliza swali.

Siku zilizofuata aliketi karakana akinoa vyombo visivyokuwa butu. Mitungi ya maji ilifika sokoni, na Celina alirudi nyumbani na unga. Alikula kimya na kulala mapema. Usiku aligeuka kitandani kwa shida, na Ndambiri, aliyekuwa macho, alijifanya amelala.

Aliingia hotelini siku moja kunywa chai. Wanaume waliokuwa wakitafuna majani ya muguka kwenye benchi la nje walimpisha kwa heshima ya kupindukia.

"Pisheni fundi! Ana punda mpya."

"Huyo hata wezi hawamtaki."

"Anakula nini, fundi? Nyasi ama ugali?"

Ndambiri aliiacha chai ikitoa mvuke. Nyuma yake walicheka, kisha mmoja wao akasema, "Lakini hilo ni neno baya, jamani," na wengine wakanyamaza, maana kila mmoja wao alikuwa na mke aliyekuwa bwawani saa hiyo.

Njiani alikutana na jirani yake Regina, mjane wa makamo, ameinama chini ya mtungi aliobeba mgongoni. Ukanda ulimkaza kwenye paji la uso hata macho yake yakainuka. Punda wake naye alikuwa amechinjwa, mwezi mmoja na Kanyoni.

"Fundi, usisimame mbele yangu, nikisimama sitaanza tena."

Akapisha. Regina akapita, akasema bila kugeuka, maana hakuweza kugeuka, "Mkokoteni wangu uko kwako unaota utando. Nipunguzie mikono, na mimi nivute kama Celina."

"Sipunguzi, Regina."

"Sawa. Basi nikifa mnizike na huu mukwa, nikabebe maji huko juu pia. Huko nasikia hakuna ukame, lakini siamini." Akacheka peke yake mpaka akapaliwa.

*

Mkokoteni wa punda una ujanja wake, na Ndambiri ndiye aliyeuweka. Kutoka bwawani hadi sokoni ni kupanda tu. Mkokoteni ukipanda, mzigo hutaka kurudi nyuma, na mikono ya mbele hutaka kuinuka juu. Punda haoni shida, kwa kuwa amefungwa mkanda wa tumbo na mwili wake mzito unaishikilia mikono chini. Celina hakuwa na uzito huo. Siku zote alikuwa akiikandamiza chini kwa viganja na kifua, na hakumwambia mtu.

Siku ya ibada ya kina mama alitaka kuwahi, akajaza mitungi mingi kuliko kawaida. Kwenye mwinuko ulio chini ya kanisa, kamba iliyoshika mitungi ikakatika. Mitungi ikateleza nyuma yote kwa pamoja. Winfred, aliyekuwa akisukuma, alipata muda wa kuruka pembeni tu. Mikono ya mbele ikapaa, ikampata Celina chini ya makwapa, na ule mkanda wa Kanyoni ukamwinua juu hata miguu yake ikaacha ardhi. Kisha ukamwachilia. Aliangukia bega kwenye mawe.

Maji yaliteremka barabarani yakarudi yalikotoka.

Winfred alifika karakana akikimbia, leso imelowa. Hakulia. "Vava, mama ameinuliwa na mkokoteni," alisema, na Ndambiri alielewa yote mara moja, maana hakuna mtu mwingine Kiambere nzima aliyejua zaidi yake kwamba jambo hilo lingeweza kutokea.

Kwenye zahanati, muuguzi kijana alimkata Celina blauzi kwa mkasi. Bega lilikuwa limevimba, na kifuani kulikuwa na alama pana ya mkanda, imeiva kama imechapwa kwa rangi.

"Alipigwa na punda?" muuguzi aliuliza.

"Hapana," alisema Ndambiri. "Ni mkokoteni."

"Mkokoteni wa punda?"

"Ndiyo."

"Na punda alikuwa wapi?"

Ndambiri alitazama sakafu. Celina akajibu akiwa amefumba macho, "Hakukuwa na punda, daktari. Nilikuwa mimi."

Muuguzi aliendelea kufunga bandeji. Alipomaliza aliuliza swali ambalo pengine hakulikusudia kuwa baya. "Na mzee, wewe ulikuwa wapi?"

"Karakana."

"Kazi ilikuwa nyingi?"

Celina alifumbua macho akamtazama mumewe. Alingoja kusikia jibu kama muuguzi alivyongoja.

*

Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, akaambiwa asiinue hata sufuria. Asubuhi iliyofuata hapakuwa na maji ndani ya nyumba. Ndambiri alitoka chumbani akamkuta mama yake ukumbini, amesimama juu ya kigoda, anaingiza mkono katikati ya mabati na boriti. Alitoa kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti kuukuu. Ulikuwa ni mukwa wake, umekauka na kuwa mgumu kama gome.

"Mama, shuka. Utaanguka."

"Nishikeni basi, badala ya kunitazama." Winfred akamshika. Bibi akaketi, akaupaka ukanda mafuta ya kupikia, akaukunjakunja hadi ukalegea kidogo. "Njoo, jina langu. Kwanza kitambaa. Ukikosa kitambaa utachubuka siku ya kwanza. Halafu usiweke huku juu, utavunja shingo. Weka hapa." Aliushika uso wa mjukuu wake kwa mikono miwili na kuupitisha ukanda. Kisha akauvuta kwa nyuma ili ajaribu.

Winfred alisimama wima, macho mbele. Alikuwa akijitahidi kuonekana kama mtu anayejaribu kofia.

"Toa hicho kitu," alisema Ndambiri.

"Kwa nini?" Mama yake hakuinua sauti. "Wewe ulisema hutaki kuona mtu akivuta. Haya, havuti. Anabeba."

"Mama, tafadhali."

"Nani basi? Mimi niko tayari, lakini miguu imekataa. Celina uliona jana. Nani mwingine yuko nyumba hii? Nitajie."

Ndambiri alifungua mdomo. Alitazama pembeni ya chumba, kama kwamba huyo mtu wa kutajwa angekuwa ameketi huko. Chumba kilikuwa kidogo. Walikuwamo watu watatu, na mlangoni, akiwa ameegemea mhimili na mkono wake umefungwa kifuani, wa nne.

Alienda akamvua binti yake ule ukanda. Kwa muda ule mfupi tu, ulikuwa umeshaacha mstari mwekundu. Aliusugua kwa kidole gumba, kama mtu anayefuta masizi. Haukutoka.

"Twende karakana," alisema.

Winfred alifuata. Alisimama kwenye kivuli, mahali pale pale walipokuwa wakisimamishwa punda, akaweka mikono pembeni na kunyoosha mgongo. Alikuwa ameona wanyama wengi wakipimwa. Ndambiri alipotoa kamba mfukoni na kuona jinsi alivyosimama, akatikisa kichwa.

"Si wewe," alisema. Akampa kamba. "Nipime mimi."

"Wewe, Vava?"

"Fanya haraka kabla sijabadili mawazo."

Kamba ilikuwa bado na mafundo ya Kanyoni, punda wa mwisho kupimwa; hayo tu hakuyafungua. Yalikuwa yamekaza, Winfred akayafungua kwa meno. Kisha akamzungusha baba yake kifuani, kwa woga, maana hakuwahi kumgusa hivyo tangu awe mkubwa.

"Usimwache avute tumbo ndani," Celina alisema. Alikuwa amewafuata polepole, akaketi juu ya gogo. "Huyo anajipenda."

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Ndambiri alimtazama mkewe usoni. Alikuwa na la kumwambia, lakini halikuwa rahisi, na mkononi alikuwa na msumeno.

"Mama Winfred," alisema, "ningekata siku ile uliponiambia..."

"Kata sasa," alisema Celina.

Akakata. Msumeno ulipopita kwenye mkono wa kwanza wa mkokoteni aligeuza uso. Wa pili aliutazama. Alisogeza ekseli nyuma ili mzigo usiinue mbele, akafunga mti wa kushika, akatia ubao wa kuzuia mitungi isiteleze. Ilikuwa kazi ndogo, kama Celina alivyosema. Jua halikuwa limefika utosini alipomaliza.

*

Kushuka na mitungi mitupu kulikuwa rahisi. Kupanda ndiko kulikomfundisha. Alipita mbele ya hoteli ameinama, jasho linamwingia machoni, akingoja waseme. Kisha mmoja akashindwa kujizuia.

"Fundi, umesahau kengele!"

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini hakikudumu. Ndambiri aliendelea kuvuta. Aligundua kwamba aibu haina uzito kama mitungi. Ilikaa juu yake hatua chache tu, halafu magoti yakachukua mawazo yote.

Kwenye mwinuko wa kanisa alisimama. Hakuweza kwenda mbele, na akiachilia, mkokoteni ungerudi hadi bwawani. Pale mawe yalikuwa na vipande vya plastiki vya mitungi iliyopasuka. Alisimama hapo akifikiri kwamba mke wake alipita hapa kila siku na mkokoteni mrefu kuliko huu, kisha usiku akageuka kitandani kwa shida, na yeye akajifanya amelala.

Mkokoteni ukawa mwepesi ghafla. Kuna mtu alikuwa anasukuma.

"Vuta, fundi," sauti ya Regina ilisema kutoka nyuma, ikikwama kwenye pumzi. "Mimi pia nina mzigo wangu mgongoni, siwezi kukungoja."

Walifika juu pamoja.

Alasiri alimwomba Winfred amsomee namba ambayo Kailemia aliiandika kwa chaki ukutani siku ile kabla ya kuondoka. Simu ilipokelewa kwa kelele za watu.

"Ah, fundi! Nilipata mwingine. Ni kijana tu, ako na mashine ya kuchomelea. Alimaliza zote sita."

"Aliwapima?"

"Nani?"

"Watu. Yule msichana. Makandi."

Kailemia alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Fundi, wewe ni mtu wa ajabu. Mikokoteni ni saizi moja. Watu watazoea." Akakata.

Ndambiri alibaki ameshika simu. Alimfikiria Makandi katikati ya mifereji ya Mitunguu, na kijana aliyechomelea chuma bila kumwona. Hakujua kama mikokoteni ile ilikuwa mipana au myembamba. Alijua kwamba kama angeitengeneza yeye, ingemtosha Makandi.

Jua lilipoanza kulegea, Regina aliingia karakana. Hakuuliza kama anaruhusiwa. Alienda ukutani, akautoa mkokoteni wake katikati ya mingine, akapangusa utando kwa leso, akauburuta hadi kwenye kivuli. Kisha akasimama mbele yake.

Nje, Celina na bibi walikuwa wakichagua ndengu, Celina kwa mkono mmoja. Hawakuinua vichwa. Winfred alikuwa amesimama na kitabu kisichosomwa.

Ndambiri alikuwa na neno lake la siku zote, neno ambalo watu walimjua kwalo. Lilimfika mdomoni lenyewe. Alilimeza. Alitoa kamba, akafungua mafundo yake mwenyewe, akasogea.

"Inua mikono kidogo," alisema kwa sauti ya chini.

Regina aliinua. Alitazama mabati ya juu wakati kamba ilipompita kifuani. Hakuwahi kupenda kimya.

"Pima tu, fundi," alisema. "Lakini usinifungue mdomo uangalie umri kwa meno, kama punda."

Akacheka. Alicheka kwa mdomo wazi, kama alivyocheka siku zote, na Winfred naye akacheka, na hata huko nje bibi akauliza nini kimesemwa. Ndambiri alikaza fundo la kwanza, akageuza uso upande wa ukuta, asiyaone meno ya Regina.